Upindo

Idi pili, Tibirinzi, jua limeshalegea,
foleni imejikunja mara tatu kama utepe wangu wa kupimia
na mie nimo ndani yake, Mkasi binti Shaame,
fundi cherehani wa Machomane
(jina nilipewa kabla sijajua kukata),
nimemshika mkono Raya, mtoto wa kaka yangu,
aliyeapa hapandi bila mie.

Treni lenyewe lilishushwa Mkoani vipande vipande.
Watoto wanaliita Chatu.
Likipanda linaguna,
likishuka linawatoa watu majina ya mama zao.

Nikakaa. Kiti kilinipokea, sisemi uongo,
kikalalamika kidogo kama mlango wa stoo, kikanyamaza.
Mkanda ndio uliokataa.

Kijana wa mikanda, Ngwali, kifua ubao wa kufulia,
akavuta huku, akavuta kule.
"Vuta pumzi, mama."
Nikavuta.
"Ibane."
Nikaibana, na foleni nzima ikaibana pamoja nami.

Vidole vinne.
Fundi hahitaji utepe: baina ya ulimi wa chuma na kinywa chake
palibaki vidole vinne kasoro ukucha.

Nyuma mtu akasema, si kwa kelele, kwa kusikika,
"Leo Chatu kapata wa kummeza yeye."
Wakacheka. Na mie nikacheka,
maana ilichekesha kweli,
na maana nisingecheka ningefanya jingine.

Nimeshona magauni ya maharusi walioniambia
"nitapungua kabla ya siku, fundi, bana hapo."
Nikaitikia inshallah,
na kwa ndani nikaacha upindo, inchi mbili kila ubavu, kimya.
Usiku wa harusi mama mtu huja mbio, zipu imegoma;
nafumua uzi, nguo inapumua,
na mwali anatoka ukumbini kana kwamba hapakuwa na neno.
Ufundi ndio huo, kumwekea nafasi mtu asiyekuomba.
Aliyekata mkanda huu
alikuwa akimfikiria nani?

Ngwali akaniinamia sikioni:
"Pakata mkoba tumboni, ufunike. Nitasema umefunga."
Alikuwa na huruma, mtoto wa watu.
Lakini mshono wa kufichwa naujua,
najua unakopasukia, na mbele ya nani.
"Hapana, mwanangu. Nifungue."
"Hujafungwa, mama."
"Basi nishushe."

Raya yeye alishafungwa.
Mkanda wake ulisaza mkia mrefu
ukining'inia ubavuni, unachezacheza,
na vidole vyangu vinne vyote vilikuwa mle.
Akanivuta kanga, mdomo umeanza kupinda.
Nikamwambia, "Ukifika juu nitazame.
Mie sipotei kwenye umati, hiyo ndiyo faida yake."

Nikasimama chini, na mara nikawa kabati la watu:
huyu ananipa viatu, yule mkoba,
mwanamke nisiyemjua, wa Wete kwa lafudhi,
ananiachia askrimu ya mwanawe
inayeyuka hadi kwenye kiwiko, nayo ya ubuyu, haitoki.

Chatu akaguna. Akapanda.
Juu kabisa, kabla ya kuporomoka, akasita,
vichwa vidogo vimepangana kama vifungo juu ya kadi,
na kimoja kikageuka.

Nikainua mikono miwili, viatu na vyote.

Likaja lile bonde, na kila kinywa kikamwita mama yake,
hata kile cha mwanamume mwenye ndevu kiti cha mbele.
Raya hakumwita mama.
Aliita Mkasi,
jina tupu, bila shangazi, bila adabu,
likashuka nalo mpaka chini
likazunguka, likapanda tena.

Nilikusudia kumkanya akishuka.
Sikumkanya.