Kiti Namba Arobaini na Moja

Miaka kumi na tisa nimekaa nyuma ya kidirisha,
natoboa tiketi, narudisha chenji, nasema yale yale:
maporomoko ni nusu saa kwa miguu, vaeni viatu vinavyoshika;
maji ya chemchemi yana ladha ya msumari, lakini tumbo huyashukuru;
mnara wa kale una ngazi sitini na nane, ya arobaini irukeni;
ziwani wahini kabla upepo haujaamka,
mtaikuta Kaukazi nzima imesimama kwa kichwa.
Na huko juu, kwa viti vya waya, mtaona kila kitu.

Kila kitu. Neno hilo nimeliuza lari sita, kwenda na kurudi,
mwenyewe sijalionja.
Kinyozi hajinyoi, na kichwa changu kilikuwa kimeshaota msitu.

Jana ilikuwa siku ya mwisho ya msimu.
Wageni wawili tu, mke na mume, wamenuniana tangu hotelini;
wakapanda viti tofauti, wakashuka wameshikana mikono.
Otari akazimia sigara kwenye nguzo, akaniita:
"Nazibrola, kesho natia mtambo kufuli. Utapanda lini, ukiwa maiti?"
Nikajikatia tiketi. Nikailipia,
maana kitabu cha mkaguzi hakijui utani.

Kiti namba arobaini na moja. Kiraka cha mto wake nilikishona mimi.
Kikanizoa magotini kama ng'ombe mwenye haraka,
nikapaa,
na ndala zangu miguuni.

Kwanza paa la shule. Kisha yadi ya Lamara, shuka zake zimeganda kwenye kamba.
Kisha misonobari, vilele usawa wa nyayo zangu,
harufu ya utomvu ikinipanda hadi kooni.
Kisha umeme ukakatika.

Waya ukaguna mara moja, ukanyamaza.
Ndala ya kushoto ikachomoka.
Nikaihesabia ikianguka: moja, mbili, tatu, nne,
sikusikia ikifika.

Basi nikatazama. Ningefanya nini tena.

Maporomoko: uzi mweupe uliosahauliwa na fundi cherehani.
Mnara: jino la mwisho la bibi mkaidi.
Ziwa sikuliona, limejibanza nyuma ya kilima.
Makaburini, baba yangu na Vazha,
walioshtakiana miaka kumi na moja kwa mti mmoja wa plamu,
wamelala bega kwa bega, na mpaka wao siuoni,
nauona mbuzi tu, wa nani sijui, anakula huku na huku.

Na paa langu. Ee, paa langu!
Bati la buluu ambalo Zauri aliapa amelipigilia tangu Agosti
bado limelala juu ya kuni,
naye mwenyewe yuko uani kwa Gurami, ameinua mkono kurusha dadu.
Nilimwita. Sauti ilitoka, ikaenda zake kwingine.

Kisha nikakiona kidirisha changu. Kisanduku cha kiberiti.
Mbele yake mtu amesimama na mkoba mgongoni,
anagonga kioo, anachungulia ndani,
anatazama saa, anagonga tena.
Ananitafuta mimi.
Miaka yote hiyo sikujua kwamba mtu akiwa nje
huniona hivyo nisipokuwepo: kioo,
na giza la kimo changu.

Dakika ishirini, au saa nzima; saa niliiacha mezani.
Waya ukakohoa. Nikafika kileleni, sikushuka,
nikageuka na kiti, nikarudi chini
na mguu mmoja mwekundu kwa baridi.

Yule mgeni alikuwa bado yupo. "Huko juu kuna nini?"
Nikafungua mdomo niseme kila kitu.
"Kaza kamba za viatu," nikamwambia.

Zauri sijamwambia neno. Theluji inaanza keshokutwa;
acha imuulize yenyewe.