Daftari la Msimbati

Ukurasa wa kwanza niliandika: watu mia mbili.
Nikakata. Mia tatu na kumi.
Nikakata tena, maana shangazi wa Ndanda
haji peke yake, huja na kwaya.

Mimi ni katibu kwa sababu nina mwandiko.
Mweka hazina ni kaka Chilumba, kwa sababu hacheki.
Bibi harusi ni mdogo wangu Skola,
aliyetaka mchanga, viti vyeupe,
na mwezi mpevu juu ya meza ya keki.

Bwana harusi ni wa Muleba.
Tazama ramani: kona ile ya juu, kona hii ya chini,
nchi nzima imejilaza katikati.
Siku mbili za basi, wakwe sitini na wanane,
na ndoo ya senene, niliyoiandika chini ya majina
hata meneja wa hoteli akauliza:
"Huyu Senene atalala chumba gani?"

Paroko naye: "Mchanga si altare."
Basi misa mjini saa nne asubuhi,
kisha msafara, Madimba, vumbi,
viatu virefu mikononi.

Baba aliahidi milioni tatu.
Aliahidi kwa sauti, amesimama,
korosho zikiwa bado maua.
Sasa zipo ghalani, mnada haujaita,
na kila jioni analipita mbali daftari langu
kama mtu anayekwepa mbwa wa jirani.
Sijamuuliza. Mbele ya jina lake nimeacha nafasi,
nafasi kubwa, ya heshima.

Jumamosi asubuhi tukaenda kupima ufukwe.
Meneja na futi yake, Chilumba na kikokotoo,
mimi nikihesabu hatua: meza arobaini, jukwaa, ngoma.
Saa kumi alasiri, nikaandika, keki.

Mwanamke mmoja alikuwa akitoka majini
na ndoo ya chaza, kanga imekazwa kiunoni.
Alisema anaitwa Binti Nampembe.
Alitutazama tunavyopima
kama watu wanaopaka moshi rangi.
"Siku gani?"
Tukamtajia.
"Si mwezi mpevu huo?"
Skola akatabasamu: ndiyo, mwezi mpevu.

Akacheka, si kwa ubaya.
Akapanda ngazi za hoteli, moja, mbili, tatu,
akagusa ya nne kwa kidole gumba cha mguu:
"Bamvua litafika hapa. Saa kumi hiyo hiyo.
Mwezi mnaoutaka ndio unaoyaleta maji.
Hamuwezi kumwalika mmoja mkamwacha mwenzake."

Meneja akaanza habari za viroba vya mchanga.
Chilumba akauliza bei ya viroba.
Skola akakaa kwenye ngazi ya nne, akavua viatu.
Nilidhani analia. Alikuwa anahesabu vidole.
"Na maji yanatoka saa ngapi?"
"Saa tatu usiku unatembea. Saa nne unacheza."

Nikakata saa kumi.
Nikaandika: wageni waketi kwanza barazani,
ming'oko na chai, senene zipite kwa wasiozijua;
meza zishuke nyuma ya maji, safu kwa safu.
Keki saa nne usiku. Visigino marufuku.
Halafu chini kabisa, mgeni wa mia nne na kumi na mbili:
Binti Nampembe, hadaiwi mchango.

Usiku ule baba alikuja mwenyewe mezani.
Alivuta kiti, akageuza kurasa polepole,
akasoma mambo ya maji mpaka mwisho,
akakuta jina lake na uwanja wake mtupu.
"Andika laki nane," akasema.
Nikachukua kalamu.
"Hapana," akasema. "Penseli."