Fimbo Ilipozama

Saa kumi alfajiri, chini ya Margherita,
Nzwenge hakusema neno. Alichomeka fimbo.
Shubiri moja: laini, theluji ya juzi,
ile iliyokuwa mvua tulipokuwa Bujuku
matope yakitumeza hadi magotini.
Shubiri ya pili: gamba, gumu kama ukoko wa ugali.
Chini ya gamba, fimbo ikazama
kama iliyoingia gunia la sukari.

Akachota kiganja, akamulika.
Punje zikatiririka vidoleni, hazishikani,
hazijuani.
"Juu kuna mzigo," akasema. "Chini hakuna mbebaji."

Mgeni alikuwa amelipia siku nane,
na kilele kilikuwa pale, mbalamwezi ikikipaka maziwa.
Akauliza: hatari ni asilimia ngapi?
Nzwenge akacheka kidogo.
Baba yake hakumfundisha asilimia.
Alimfundisha sikio: ukikanyaga, mlima ukashusha pumzi,
vuuf,
geuka, wala usiage.

Tukageuka.

Mchana kutwa mimi, mbeba kamba, niliutazama ule mteremko
nikiuombea, Mungu anisamehe, uporomoke,
ili mgeni aone.
Haukuporomoka. Ulikaa umenyooka
kama shuka la hospitali.

Kilembe, Nzwenge akaanika buti zake za mpira,
akahesabu bakshishi: hakuna.
Akakopa chumvi na sabuni dukani,
akafika kwake, akawaita watoto
mmoja mmoja, kwa majina,
akingoja kila mmoja aitike.