Ukurasa wa Mwisho

Zamu wetu, Zihalirwa, hufika jua likizama
na makopo mawili, moja la chai, moja la makaa,
mkuki begani kama jembe la mtu atokaye shamba.
Huuegemeza langoni, pale saruji imechimbika
kwa kisigino cha mti, miaka kumi na mmoja.

Chuma kilifuliwa Kaziba, anasema, enzi za babu yake.
Mti umebadilika mara tatu:
wa babu mrefu, wa kurusha ng'ambo ya bonde;
wa baba mfupi, maana migombani hakuna pa kurushia;
wa sasa mkaratusi,
uliokuwa mpini wa ufagio wangu.

Umeme wa Muhumba ukikatika
natoka na daftari za wanafunzi, tunagawana kitochi.
Mwaka huu nafundisha vita vya Ulaya ya kale.
Kwa nini? Programu imesema.

Usiku mmoja akaomba kuona picha.
Watu mia tatu, kofia za chuma,
kila mmoja na mti wa urefu wa wanaume watatu.
Akacheka. "Huyu wa nyuma anamchoma nani?"
Nikamwambia: mmoja peke yake ni kichekesho,
mia tatu ni nungunungu,
na farasi, hata bwana wake awe na dhahabu,
hajitupi kwenye miiba.
"Ua wa matete," akasema.
"Tete moja mbuzi analitafuna. Ua mzima anauzunguka."

Nikafunua nyingine: mti wenye shoka na ndoano,
wa kumvuta mpanda farasi kutoka juu ya tandiko.
"Hiyo ndoano sisi tunaangulia parachichi."

Kisha bunduki.
Mwanzoni zilijificha nyuma ya miti,
maana kuijaza moja
kulichukua muda wa kusonga bugali.
Mwaka kwa mwaka bunduki zikaongezeka, miti ikapungua,
hata mtu mmoja, jina lake halimo kitabuni,
akaitupa miti yote,
chuma akakichomeka mdomoni mwa bunduki.
"Singe," nikasema.
"Singe naijua."
Akapandisha suruali hadi gotini, akaishusha
kabla sijasogeza mwanga.

"Na miti iliyobaki?"
Walipewa walinzi wa milango ya wafalme.
Wapate kuonekana.
Akautazama mkuki, akalitazama lango letu,
bati lenye kutu na kufuli ya Kichina.
"Basi mimi ni wa ukurasa wa mwisho, Mwalimu."
Nilikuwa na daftari arobaini za kusahihisha.
Sikumjibu.

Halafu ule usiku
risasi zilipopanda kutoka Nyawera,
mbwa wote wakanyamaza kwa pamoja.
Nilidhani atashika mkuki.
Akauchomoa chuma kwenye mti,
akakizamisha ndani ya gunia la maharagwe,
mti akanipa mimi:
"Shika. Ni ufagio tena."
Akaenda kukaa langoni mikono mitupu,
magoti pamoja, kopo la chai katikati.

Walipita. Niliwasikia kupitia bati.
"Wewe nani?"
"Zamu."
"Unalinda kwa kitu gani?"
"Kwa macho."
Mmoja akacheka, mwingine akaomba chai.
Nikasikia kopo likigonga kitu cha chuma,
wakanywa, wakashuka kuelekea ziwani.

Asubuhi akakuta mti
umetegemeza kamba ya nguo,
shuka nne zikidondosha maji.
"Uache," akasema, "zikauke kwanza."
Akaenda kwao Kadutu kulala.

Jioni alirudi na makopo mawili, bega tupu,
wala hatukuulizana.
Wiki ikapita hivyo.
Mpaka Nabintu, binti yangu, alipochota maharagwe ya Jumapili,
kikombe kikakwama gunini,
akaita kutoka jikoni:
"Mama, haya maharagwe yana jino."