Dhamana ya Ambaye Hajakamatwa

Sijafungwa, na tayari naomba kufunguliwa.
Wakili Vaijayanti anasema ndivyo sheria ilivyo:
mwenye hofu ya kweli hangoji pingu zilie,
huipeleka mapema mikono yake mitupu
kuiombea.

Mimi ni karani wa maziwa, Gadag.
Miaka kumi na tisa naandika lita na nusu lita,
hata za Yallavva mwenye ng'ombe mmoja, chongo.
Sasa daftari lina tundu la laki nne,
na mwenyekiti, mwenye ufunguo wa kabati,
amelitaja polisi jina langu:
Kotreshi, mwana wa Nagappa.

Usiku wa tano huu nalala Hubballi
kwenye kinu cha shemeji cha mafuta ya karanga.
Shati limelowa mafuta, na ndoto pia.
Pikipiki ikija nahesabu, moja, mbili, tatu,
ikikata kona napumua.
Mama, nasikia, aliwafungulia askari,
akawapa maji, akawa kiziwi ghafla.
"Kotreshi? Kodi? Kodi nimelipa."

Jumatatu jaji yuko likizo.
Jumanne faili halijafika kutoka kituoni.
Jumatano wakili wa serikali anaomba muda,
anakohoa, anapewa.
Mimi simo. Anayeomba asikamatwe
atapitaje mlango wenye askari wawili?

Alhamisi, dakika nne.
Naambiwa jaji aliuliza swali moja tu:
ufunguo alikuwa nao nani?
Feni ikasikika.

Kurasa tatu. Rupia elfu hamsini, wadhamini wawili.
Nisiwatishe mashahidi, mimi ninayeogopa pikipiki.
Nikabidhi pasipoti, ambayo sijawahi kuiona.
Kila Jumapili, saa nne hadi saa sita, nisaini kituoni.

Shemeji alisaini wa kwanza, akiacha doa la mafuta.
Wa pili alikuwa Yallavva,
na hati ya shamba lake imefungwa kwa kamba ya ng'ombe.
Alibonyeza dole gumba, akalifuta kwenye sari.
"Hujanipunja hata povu," akasema,
akauliza basi la kurudi ni saa ngapi.

Jumapili ya kwanza nimewahi, saa tatu na nusu.
Askari aliyekunywa maji ya mama
anapekua droo, hana kalamu.
Namwazima yangu, ya maziwa.
Nasaini, naye anaandika saa,
kisha anaichomeka mfukoni mwake, bila kuniangalia.

Sikuidai.
Nimetoka kwa miguu yangu.