Kisanduku cha Tatu

Januari, Kajaani. Jua lachomoza saa nne asubuhi
kama mtu aliyechelewa zamu na hana udhuru.
Chuo kimeniletea wanafunzi wawili na fomu mbili:
Unapenda kujifunza vipi?
Kusoma. Kusikia. Kutazama. Kutenda.
Tia alama.

Eemeli alitia kwenye kutenda,
akaikandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka.
Huyo nilimwachia mguu wa Mzee Taisto,
mkata magogo mstaafu,
na kidonda chake kisichosikia dawa.
Akakosea, akarudia, akaapa chini kwa chini.
“Hata msumeno wangu wa kwanza
niliushika hivyohivyo,” mzee akamwambia.
Siku ya nne bandeji ilikaa
nadhifu kuliko nifungavyo mimi.
Iliniuma kidogo. Nakiri.

Oona alitia kwenye kutazama.
Basi nikamwonyesha, polepole,
nikamchorea mishale, upande safi, upande mchafu,
nikajirekodi kwa simu: glavu, maji ya chumvi, pamba.
Akatazama wiki nzima, mikono nyuma.
Daftari lake likajaa vidonda vizuri mno,
kila kimoja na rangi zake, waridi, njano, nyeusi.
Wiki ya pili bado anatazama,
nami najisifu: namfundisha apendavyo.

Sisko, aliyenifundisha mimi, hakuwa na fomu.
Alikuwa na sauti.
Alitumwagia sote sauti ileile,
aliyeiva na aliye mbichi,
nami niliapa, nikilia kwenye stoo ya mashuka,
kwamba sitakuwa yeye.

Ijumaa, chumba cha kahawa, nikamwuliza Oona
kwa nini alichagua kisanduku cha tatu.
Akazungusha kikombe. Akakizungusha tena.
“Kwa sababu anayetazama
haumizi mtu.”

Kumbe alikuwa amejificha mle ndani,
nami nikawa namletea mto na blanketi.

Jumatatu sikumwonyesha kitu.
Nilivuta kiti kando ya kitanda cha Taisto,
nikakunja suruali hadi gotini.
“Nifunge mimi. Mguu mzima huu.
Umiza upendavyo.”
Akafunga. Bandeji ikaporomoka hadi kifundoni
kama soksi ya mtoto.
Mzee, kwa uzito wa hakimu: “Fungua. Anza tena.”
Ya pili ilinibana hadi vidole vikafa ganzi.
“Fungua.”
Ya tatu, ya nne. Eemeli akataka kusaidia;
nilimtuma akalete chai ambayo hakuna aliyeihitaji.
Ya tano ilishika.

Oona akaitazama, kisha akautazama mguu mwingine,
ule wenye kidonda.
Mzee akausogeza mwenyewe, bila neno,
akageuza macho darini.
Msichana akanawa mikono, akapiga moyo konde,
akapiga magoti.

Nami nikasimama ukutani, mikono nyuma.
Sikujua ni kazi ngumu hivyo.