Chanzo Kitangulie

Kitabu cha misimbo kina sheria moja
niliyoikariri kabla ya jina la mkuu wangu wa kazi:
usingizi uliopotea kwa sababu ya maradhi mengine
haukai mstari wa kwanza.
Chanzo kitangulie.
Usingizi ufuate nyuma, kama mwali nyuma ya somo yake.

Basi Bunu Lali, mchonga milango wa Mkomani,
anayelala ameketi, mito mitano mgongoni,
hakuja kwetu kwa usingizi.
Alikuja kwa moyo.
Naandika moyo: herufi I, hamsini.
Kisha chini yake, kwa wino uleule,
zile saa anazozihesabu akiwa wima
kama mlango uliochongwa ukakosa mnunuzi.

Na kijana wa Shela mwenye figo mbovu,
miguu yake hucheza usiku bila ngoma:
figo kwanza, miguu baadaye.
Mtoto wa Mwanamkuu hukoroma kama mzee,
halafu kimya,
halafu mamake humtikisa.
Mafindofindo, kisha pumzi.
Ni kazi nyepesi, mtu asipofikiria sana.

Jumatatu ikaja faili ya Zena Famau.
Miaka hamsini na minane. Langoni.
Daktari mgeni, mwandiko wa haraka:
"Hapati usingizi, miezi minne. Vidonge, wiki mbili."
Basi. Hakuna kwa sababu ya nini.

Zena ni jirani yangu. Kati ya kitanda chake na changu
pana ukuta mmoja wa mawe na chokaa,
na kidaka ambacho fundi alikichimba mno.
Usiku wake naujua kuliko daktari.
Najua anavyofungua dirisha kipupwe hiki,
akilalamika joto nami nimejifunika blanketi.
Nimeziona bangili zilizokuwa zikimbana
sasa zateleza hadi kiwikoni akiinua mkono.
Nimekisikia kikombe kikigonga kisahani
kabla hajakifikisha mdomoni.
Na mato yake (yeye husema mato)
yametoka mbele kama ya mtu aliyeitwa ghafla.
"Moyo wapiga kama mchi," aliniambia juzi ngazini,
"na usingizi hauyi, mwanangu. Hauyi kabisa."

Ni tezi. Naweza kuapa ni tezi.
E, sifuri, tano: kidole kilishafika kwenye kitufe.

Lakini sheria ya pili ya kitabu hicho
ni kali kuliko ya kwanza:
karani hajui kitu.
Karani huona kilichoandikwa tu.
Nikiandika tezi ambayo daktari hakuitaja
nimesema uongo, hata ikiwa kweli.

Nikachukua karatasi ya manjano, ile ya maswali.
"Daktari, tafadhali bainisha chanzo."
Nikalifuta tafadhali. Nikalirudisha.
Pembeni, mahali pasipo mstari wa kuandikia,
nikaongeza: mtazame shingo. Mshike mkono.

Siku tatu. Karatasi ikalala mezani kwake,
yenyewe ikapata usingizi.
Bima nayo ikauliza mbona faili haijafungwa.
Mkuu akasema, weka "usiobainishwa",
nukta tisa, tuendelee.
Ipo misimbo hiyo, ya kuzibia mdomo wa kila faili.

Nikarudi nyumbani na nukta tisa kichwani.
Saa nane za usiku, upande wa pili,
dirisha likafunguliwa.
Maji yakamiminwa. Miguu: kwenda, kurudi.
Nikabisha ukutani. Akabisha.

"Kesho," nikasema kupitia kidaka,
"twende wote. Usimwambie huna usingizi.
Mwambie moyo. Mwambie joto. Mwonyeshe bangili.
Usingizi utaje mwisho."

Akanyamaza. Kisha:
"Na wewe je, u mato saa hizi kwa nini?"

Nikalitafuta jibu kwenye mstari wa kwanza.
Mbu, nikasema,
mwezi wa saba, na kusi inavuma.